Kabanga: Kila Ndege na Jina Lake

Hebu jibu haraka haraka, bila kuangalia simu: unajua majina mangapi ya ndege? Kunguru na njiwa tuwaweke pembeni kwanza. Nazungumzia zile za chuma. Wengi wetu tunaokaa mjini tunaishia mawili, ndege kubwa na ndege ndogo. Wale wanaopenda kujionyesha ofisini wataongeza Boeing, Airbus na Dreamliner, halafu nao wanaishiwa.

Sasa mwezi huu, mpenzi msomaji, tunakupandisha milima hadi Kabanga, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Usiichanganye na Kabanga ya nikeli. Ile iko Ngara, mkoa wa Kagera. Kabanga yetu ni ya misheni ya Kikatoliki, hospitali, chuo cha ualimu na chuo cha afya, na bodaboda za Kasulu mjini zinaijua vizuri. Burundi iko jirani, na ukivuka Ziwa Tanganyika upo Kongo. Kwa sababu hiyo, watu wa huku wamepitiwa juu ya vichwa vyao na karibu kila aina ya chombo kinachoruka, na majina wanayoyatumia yanakwambia kila kimoja kilikuja na nini.

Wewe na mwenzi wako mnahusika vipi? Mnahusika sana. Walimu na manesi wanapangiwa vituo huku kila mwaka. Utasikia binti wa Sinza analia kwenye simu kwamba mchumba wake kapelekwa Kasulu, kana kwamba kapelekwa mwezini. Mwenzangu na mimi tuliamua kwenda kumtembelea shemeji yetu aliyepangiwa huko, tukakaa siku nne. Tulichorudi nacho ni orodha ya majina ya ndege, na heshima mpya kwa wanaoyataja.

PANGABOI, USIIDHARAU

Tuanze na usafiri wenyewe. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000. Treni ya reli ya kati ina raha yake kama mna likizo ndefu na hamjagombana. Sisi tulikuwa na siku chache, tukapanda ndege. Tulipotoka nje kuelekea kwenye ngazi, mwenzangu akaitazama, akanigeukia na kuninong'oneza: "Kumbe ni pangaboi?"

Neno hili ukilifuatilia utacheka. Pangaboi ni ile feni ya darini, iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu kwenye ofisi za serikali na nyumba za wageni. Asili yake inapelekwa India ya enzi za Waingereza. Pankha ni feni kwa Kihindi, na boi ni yule mtumishi aliyekaa pembeni ya chumba akivuta kamba ili bwana mkubwa apate hewa. Neno likavuka bahari, likapanda darini, mwisho likapanda kwenye mabawa ya ndege. Safari ndefu kuliko ya abiria!

Septemba 2016 ndipo jina hili lilipovuma nchi nzima. Serikali ilipokea ndege mbili za kwanza aina ya Bombardier Q400 kwa ajili ya Air Tanzania. Wapo walioshangilia, na wapo waliocheka: yaani ndege mpya halafu ni pangaboi? Kwa wengi, ndege ya kweli ni jeti, ile isiyoonyesha kinachoisukuma. Mapanga yanayozunguka hadharani yanaonekana ya kizamani.

Ukweli ni kwamba ndani ya injini ya Q400 kuna tabo, yaani gurudumu la vibapa linalozungushwa na hewa ya moto, kama ilivyo kwenye jeti. Tofauti ni kwamba nguvu nyingi ya tabo hiyo inapelekwa kuzungusha mapanga ya nje. Kwa safari fupi, ndege ya namna hii inakula mafuta kidogo kuliko jeti ya ukubwa wake, na haihitaji njia ndefu ya kurukia. Dreamliner ilipotua Dar Julai 2018 tulipiga picha wote, lakini ndege ya aina hiyo ni ya kuvuka bahari. Anayetaka kwenda kumwona mtu wake Kasulu anahitaji chombo kinachoweza kutua Kigoma kikiwa na abiria sabini na kitu, na tiketi isiyomfilisi.

Kwa hiyo kama mchumba wako anasema yeye hapandi pangaboi, mwambie kwa upole kwamba basi mtaonana Krismasi.

KINDEGE KISICHOPAA

Kutoka Kigoma mjini unapanda Noah au basi kwenda Kasulu, kama kilometa 100 hivi. Joto la ziwani linabaki nyuma taratibu. Migomba inaongezeka, kahawa inajitokeza, na jioni utatafuta sweta. Wanaodhani Kigoma yote ni michikichi na dagaa wabebe nguo za baridi.

Kabanga yenyewe haina mbwembwe. Kanisa, hospitali, majengo ya vyuo, maduka ya vocha na mandazi, wanafunzi wenye sare wakipita makundi makundi. Waha ni watu wa salamu. Hapa hupiti umeinamia simu kama Posta Mpya. Unasimama, unainama kidogo, makofi mepesi yanapigwa, unaulizwa habari za ulikotoka, za uliowaacha na za njiani. Ukijifanya una haraka, unaonekana hukulelewa.

Nyuma ya nyumba ya shemeji tuliwakuta watoto wana kindege cha mabua ya mahindi, mapanga yake yamekatwa kwenye chupa ya plastiki, wanakimbia nacho kwenye upepo ili yazunguke. Mwenzangu akawauliza kinaitwaje kwa Kiha. Wakajibu kwa pamoja: indege. Akaonyesha ndege aliyetua kwenye mparachichi: na yule? Wakamcheka. Yule ni inyoni!

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Sisi Waswahili tuna neno moja kwa mwenye manyoya na kwa yenye injini. Waha, kama ndugu zao Warundi na Wanyarwanda, walikuwa na neno lao la zamani, inyoni, na hawakuligusa. Chombo kilipotokea angani walichukua neno la Kiswahili, wakaliongezea irabu mbele, likawa la chuma peke yake. Kwa hiyo ukimwambia bibi wa Kabanga kwamba umeona indege juu ya mgomba, atatoka nje mbio.

Lakini Kiswahili nacho hakijalala. Sikiliza tunavyosema: ndege huyu anaruka, ndege hii inaruka. Ndege wangu, ndege yangu. Neno ni lile lile, ila sarufi inamtambua mwenye uhai na kumpa heshima yake, halafu ile mashine inaiweka kundi moja na nguo na kalamu. Mtoto wa miaka minne anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Kwenye kamusi utakuta pia eropleni, lakini ni nani wa umri wetu anayelitamka bila kutabasamu?

ZA KWANZA ZILIKUJA NA MABOMU

Watu wengi wanadhani ndege zilianza kuonekana pembe hizi zikiwa na wamisionari au watalii. Kigoma ilizijua mapema zaidi, na kwa ubaya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na meli kubwa kuliko zote Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, yenye makao yake Kigoma. Wabelgiji walikuwa ng'ambo, upande wa Kongo. Mwaka 1916 wakaletewa ndege nne za Kiingereza za kutua majini, zilizotengenezwa na kampuni ya Short. Badala ya magurudumu zilikuwa na maboya mawili kama mitumbwi. Zilisafirishwa vipande vipande kwa meli, mto na reli hadi ufukwe wa ziwa, zikaunganishwa, na mwezi Juni 1916 zikavuka kwenda kuipiga bandari ya Kigoma kwa mabomu.

Piga picha wewe ni mvuvi wa Ujiji asubuhi hiyo. Kwa miaka yako yote kitu pekee ulichokiona kikitoka juu ni mvua, radi na mwewe. Halafu kinatokea kitu kina mabawa kama ndege, kina miguu kama mtumbwi, kinanguruma, na kinadondosha moto. Utakiitaje?

Meli yenyewe haikuzamishwa na ndege hizo. Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao ili adui asiipate, baada ya mafundi kuzipaka mashine grisi nyingi. Ilikuja kuibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote, MV Liemba. Kwa hiyo mkisikia jina la meli hiyo mkiwa Kigoma, kumbukeni kwamba ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa katika nchi yetu kulengwa kutoka angani. Msiba wa jina la ndege huku ulianzia hapo.

NDEKE, MPEPO NA KAJUGUJUGU

Nenda soko la Kasulu siku yenye watu. Mbali na maharage, mihogo, mawese na migebuka ya kukaushwa, utasikia Kiswahili cha ladha tatu au nne. Vita vya majirani ndivyo vilivyovichanganya. Warundi walimiminika Kasulu na Kibondo baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Wakongo walivuka ziwa kwa wingi kuanzia 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Wengine walirudi kwao, wengine wakarudi tena huku, wengine walizaliwa huku na hawajui kwingine.

Kwa hiyo majina ya ndege nayo yamekimbia pamoja na watu. Mkongo atakwambia ndeke, na kwake anaweza kuwa yule mwenye manyoya au ile yenye rubani. Mwenye Kilingala kidogo atasema mpepo, neno ambalo ni upepo huo huo, na kiwanja cha ndege anakiita libanda ya mpepo. Mrundi kwake ni indege kama kwa Muha. Helikopta ina jina tamu kuliko yote: kajugujugu. Litamke polepole. Huoni kama mapanga yenyewe yanazunguka mdomoni?

Utamu huo una uchungu ndani yake. Mama mmoja mwenye asili ya Kivu Kusini anayeuza vitenge alitueleza kwamba kwao hawakungoja kuiona ndege ndipo waijue. Waliijua kwa sauti. Ile inayokuja polepole kwa mvumo wa usawa huenda imebeba chakula au madaktari, unaweza kuendelea kupika. Ile inayokuja ghafla, sauti ikiwa nyuma yake, unamshika mtoto na kulala chini. Helikopta ni ya kuamua haraka, maana inaweza kuwa ya walinda amani au ya wanaokutafuta. Alieleza haya huku akikunja vitenge, kwa sauti ile ile aliyotutajia bei.

Kwa Mrundi wa umri fulani, neno indege lina tarehe kabisa. Tarehe 6 Aprili 1994, jeti ndogo aina ya Falcon 50 iliondoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi, ikiwa na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali, wote wakafa, na mauaji ya kimbari ya Rwanda yakaanza. Sisi Dar tunakumbuka habari hiyo kama ya redioni. Huku milimani ilifika kwa miguu, ikiwa na vichwa vilivyobeba magodoro.

Halafu zipo ndege zilizowapa watu pumzi. Kibondo ilizizoea ndege ndogo za mashirika ya misaada zikitua kwenye kiwanja cha changarawe, zikileta wafanyakazi na dawa. Hizo watu waliziita tu "za UN" au "za wakimbizi", hata kama hakuna mkimbizi hata mmoja aliyewahi kuzipanda. Ukitaka kujua ndege ni ya aina gani, muulize aliyekuwa akiingoja.

UNGO: NDEGE ISIYO NA TIKETI

Orodha ya Kiswahili haikamiliki bila chombo ambacho hakuna mamlaka ya anga iliyokisajili. Unakijua. Ungo! Ule wa kupepetea mchele, ambao usiku unasemekana unabeba mchawi na kumfikisha Sumbawanga na kurudi kabla ya adhana. Magazeti yetu ya udaku yaliuza sana habari za watu "walioanguka na ungo" juu ya paa la mtu, tena watupu. Tunacheka, tunatumiana vichekesho, tunasema fulani anasafiri kwa ungo ndiyo maana hachelewi kazini.

Kabanga kicheko hicho kinakauka. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 nchi ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, waliowindwa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Shule ya msingi ya Kabanga, iliyokuwa ikihudumia watoto wenye ulemavu, ikawa moja ya kimbilio lao. Watoto walitolewa majumbani kwao, wengine kutoka mbali, wakaletwa nyuma ya ukuta ili waishi. Wapo waliokua pale bila kulala kitanda kimoja na mama zao kwa miaka.

Sisemi kila anayetania kuhusu ungo ni muuaji. Nasema dunia ambamo ungo unaruka ndiyo dunia hiyo hiyo ambamo mkono wa mtoto unageuka dawa. Kuna maneno tuliyojifunza kuyaacha. Mtu mwenye ualbino hatumwiti tena zeruzeru mbele ya watu wastaarabu, na tulibadilika kwa sababu neno lilikuwa linaua. Mkikaa na wanenu au wadogo zenu, waelezeni kwamba ungo ni wa kupepetea mchele, na hauna njia ya kurukia.

CHOPA NA NDEGE NYUKI

Turudi kwenye vicheko. Watanzania wengi wa vijijini waliifahamu helikopta kwa karibu kupitia siasa. Kwenye kampeni za mwaka 2005, Freeman Mbowe wa Chadema alizunguka nchi kwa helikopta, na uchaguzi uliofuata vumbi likawa jambo la kawaida. Hapo ndipo chopa iliposhika kama jina la mtaani. Chopa haihitaji kiwanja. Uwanja wa mpira unatosha, mbuzi wakishaondolewa. Wapo waliokwenda mkutanoni kwa ajili ya chopa, wakaisubiri iondoke, kisha wakapigia kura wa upande mwingine. Demokrasia ina mambo.

Mgeni wa karibuni zaidi ni droni, ambayo vyombo vya habari vya Kiswahili vimeibatiza pia ndege nyuki. Ubatizo huo una mantiki. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni dume la nyuki, na mvumo wake ni wa mzinga mtupu. Tatizo ni kwamba Kibondo na jirani zake ni nchi ya asali. Ukimtajia mfugaji nyuki wa huku ndege nyuki, anakuuliza anatengeneza asali ya rangi gani. Na yeye anajua jambo ambalo waliotunga jina hawakulifikiria: dume la nyuki halina mwiba. Hili la chuma linaweza kuwa nao, kama vita vya mashariki ya Kongo vilivyoonyesha miaka hii ya karibuni.

Ila lisihukumiwe kwa upande mmoja. Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zinapeleka damu hospitalini, zikianzia Muhanga. Hapa kwetu, mwaka 2018, ndege ya aina hiyo ilifanya majaribio ya kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika kama 40. Mtu akisimama kwenye ngazi za hospitali ya misheni kama ya Kabanga na kuziangalia barabara zinazotelemka vijijini, hana haja ya kuelezwa faida yake. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua hajali chombo kinaitwaje. Anajali kama kimefika.

Shemeji yetu, ambaye ni nesi, analo jina lake tayari. Anasema siku zikija huku ataziita inyoni, siyo indege, maana zinastahili kupewa uhai. Sijui wakubwa wa lugha watasemaje, mimi nimempa kura yangu.

MKIWA MBALIMBALI

Nimewaona wapenzi wengi wakivunjika kwa sababu ya umbali, na wengi wao hawakushindwa na kilometa. Walishindwa na picha waliyokuwa nayo kichwani. Ukisema "Kigoma" kwa sauti ya mtu anayetaja adhabu, mwenzako aliyeko kule anaisikia. Anaelewa kwamba mahali anapoamka, anapohudumia wagonjwa na kununua nyanya, wewe umepaita porini.

Jaribu kitu kingine. Muulize mambo madogo. Pale kwenu ndege mnaiitaje? Mkisikia helikopta mnafikiria nini? Jirani yako alitoka wapi? Sisi tulikwenda tukidhani tunampelekea shemeji faraja, chokoleti na habari za mjini. Usiku wa pili yeye ndiye aliyekuwa akisimulia na sisi tukisikiliza, na mchumba wake aliyekuwa kwenye simu kutoka Dar akawa anauliza maswali mpaka salio likakatika. Alikuwa hajawahi kumuuliza hayo katika miezi minane. Wiki mbili baadaye tulisikia amekata tiketi. Ya pangaboi.

UKITAKA KWENDA

Ndege: zinatua Kigoma, na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia mapema. Kata tiketi ya kurudi ikiwa na siku moja ya ziada kabla ya kuripoti kazini.

Barabara: Kigoma hadi Kasulu kuna mabasi na magari madogo, kutoka hapo bodaboda au teksi hadi Kabanga. Ondokeni Kigoma asubuhi.

Nguo: sweta, viatu vya kutembelea, na kitenge cha heshima kwa dada zangu mtakaoingia misheni na hospitalini.

Droni: iacheni nyumbani kama hamna vibali. Sheria inataka kibali kwa nchi nzima, na hapa mko karibu na mpaka. Tena kuna watu ambao mvumo huo unawarudisha walikokimbia.

Kamera: watoto si mandhari. Omba ruhusa ya wakubwa wao, na shuleni usipige kabisa.

Mkiwa na muda: ulizieni Heru Juu, nchi ya watawala wa Heru, ambako Mwami Theresa Ntare alitawala enzi ambazo wanawake wengi hawakuruhusiwa hata kuzungumza barazani. Mkirudi Kigoma, Ujiji na Gombe zipo.

Zawadi: asali ya Kibondo na mawese. Funga vizuri! Mawese yakimwagika kwenye begi la mwenzako hakuna makala ya mahusiano itakayokuokoa.

Na neno moja la mwisho la orodha yetu. Zamani, kabla ya injini yoyote, msafiri wa Kiswahili aliangalia ndege kabla hajatoka. Kama dalili ilikuwa nzuri, alisema amepata ndege njema. Ikiwa ndege mbaya, aliahirisha. Neno ndege lilikuwa na maana ya bahati ya safari kabla halijawa na maana ya chombo cha safari. Kwa hiyo wewe unayekwenda kumwona mtu wako milimani, kwa pangaboi, kwa Noah au kwa treni, nakutakia ndege njema.